Sanduku la Babu Tarishi: Kutoka Posta ya Zamani hadi Coco kwa Miguu

Babu Tarishi alibeba barua za ofisi katikati ya Dar es Salaam kwa miguu kwa miaka 31, mpaka alipostaafu. Siku hizi anajibu barua zenu.

SWALI: Shikamoo Babu Tarishi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa, mwingine sita. Tunaishi Kimara. Shemeji yangu yuko Vancouver, Kanada, na hapiti wiki bila kututumia picha za bustani moja ya huko iko baharini, inaitwa Stanley Park. Anasema ipo tangu 1888, ina zaidi ya hekta 400, na njia ya miguu inayoizunguka kando ya maji ni karibu kilomita tisa. Watu wanashinda humo kutwa. Sasa watoto wananiuliza, ya kwetu iko wapi? Nikaona haya. Jumapili nikawapeleka ufukwe wa Coco, tukafika saa 10 jioni. Babu, mchanga hatukuuona! Maji yamejaa mpaka juu, mawimbi yanarusha. Tukajikunyata kwenye bajaji, tukala mihogo, tukarudi. Je, hapa Dar kuna pa kushinda kutwa kando ya bahari, kwa miguu, bila kumaliza hela?
Mama wa Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa Jumapili.

Nianze na Coco, maana mahali mlipatia, tarehe ndiyo mliyokosea. Mlikwenda siku ya bamvua. Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo hapa kwetu bahari hujaa mnamo saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, na hukupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Saa mliyofika nyinyi ndiyo saa mwenye nyumba alikuwa amerudi kwake. Mngefika asubuhi ya siku hiyohiyo mngeikuta nyumba tupu, mngetembea juu ya mwamba mpaka mkachoka.

Haya sikufundishwa shuleni. Mwaka 2009 mama watoto wangu alikuwa anapigwa mionzi pale hospitali ya Ocean Road, siku tano kwa wiki, wiki sita. Nikishamfikisha mlangoni navuka barabara, nakaa chini ya mvinje, nasubiri. Gazeti ninalo mkononi, lakini mtu anayesubiri hasomi, anapitisha macho tu. Mstari mmoja nimeurudia mara nne na sijui unasema nini. Basi nikawa naangalia maji. Jumatatu ya kwanza, saa 4 asubuhi, yamejaa, yametulia kama maji ya karai. Jumatatu ya pili, saa ileile, yamekwenda zake huko, na watu wanatembea mahali nilipoona mtumbwi unaelea wiki iliyopita. Nikaanza kuandika saa nyuma ya bahasha ya kaki. Nikaona kila siku yanachelewa, leo kwa dakika 40, kesho kwa dakika 50 na ushee. Nilijiona nimegundua jambo. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu jirani yangu akaniangalia wee, kisha akasema, "Unaandika kitu kilichokwisha kuandikwa kwenye kalenda ya msikitini."

Na kweli. Chukua kalenda ya Kiislamu. Tarehe 1 na tarehe 15, na siku mbili baada yake, ni bamvua. Tarehe 8 na 22 ni maji mafu: yanajaa kidogo, yanakupwa kidogo, hayana habari. Zilizobaki unahesabu kwa vidole. Mama watoto yuko salama, ndiye anayenisomea barua zenu macho yangu yakichoka, na mpaka leo tukipanga kwenda pwani huniuliza kwanza mwezi ni wa ngapi.

Kwa hiyo wewe na wanao chagueni tarehe 4 au 5, au 19 au 20 ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji yanakupwa mnamo saa 7 mchana, na bado yanakwenda mbali. Mkianza mjini alfajiri, mtafika Coco na bahari imewaachia uwanja. Mkifika Feri, soko la samaki, mwulizeni mvuvi yeyote, atawapa saa kamili bila kuangalia kitu chochote. Kama mnaweza, ngojeni kati ya Juni na Agosti, kusi linavuma na jua halikaangi. Mwezi wa nne msijaribu, masika itawakuta njiani.

Bustani ya kupimwa hekta hatuna, mwambie shemeji. Ila tuna ukingo wa kilomita saba au nane, bandarini hadi Oysterbay, na sehemu kubwa haina geti wala mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi. Mtu mzima akienda moja kwa moja ni mwendo wa saa mbili. Na watoto, wekeni muda wa saa saba.

Pandeni basi la mwendokasi la kwanza kabisa la Kivukoni, lakini msiende mpaka mwisho. Shukeni Posta ya Zamani. Hapo utaliona kanisa la Azania Front, lile la vigae vyekundu ambalo Wajerumani walianza kulijenga 1898. Mbele yake ndiyo bandari, mlango wenyewe wa bahari ulioipa Dar es Salaam sababu ya kuwepo. Sultani Majid wa Zanzibar aliuona uzuri wa maji haya, yamekingwa pande zote, akaanza kujenga mji hapa katika miaka ya 1860. Watoto watataka kuangalia boti za Zanzibar. Waache waangalie, ila msikawie hapo.

Maana saa 12 na nusu mnatakiwa muwe Feri, kwenye mnada. Nina maneno mengi kuhusu Feri na mhariri amenikataza. Mtasikia kelele kabla ya kuona kitu. Samaki wanamwagwa mezani, dalali anaimba bei, wanunuzi hawasemi, wananyanyua kidole tu au nyusi. Mwanao wa miaka sita asinyanyue mkono kujikuna. Mwonyeshe changu, mwonyeshe kolekole, mwonyeshe nguru aliyelala mrefu kuliko yeye. Kisha mpeleke kwa wanaopara samaki. Angalia mkono wa kushoto wa mparaji: umeshika mkia kwa kitambaa, haukazi, unazungusha tu, na magamba yanaruka kama cheche mpaka kwenye nyusi zake. Samaki mmoja hamalizi dakika. Mfundishe mtoto kufunua shavu la samaki aone matamvua: yakiwa mekundu kama damu, ni wa usiku huu, yakiwa rangi ya kahawia, huyo ameshazoeana na barafu.

Kuleni hapo. Kuna kinamama wanakaanga samaki kwenye makarai makubwa na chai inachemka pembeni. Na kama kuna haja ya choo, nendeni sasa, mkashike na chenji.

Lakini samaki mbichi msinunue! Mtambeba kutwa. Mwaka 1984 nilinunua vibua sita hapo asubuhi, nikavifunga kwenye karatasi, nikavitia chini kabisa ya mkoba wa barua nikijua nitapita nyumbani. Sikupita. Saa 6 mchana nikamkabidhi mkurugenzi mmoja barua yenye muhuri wa siri. Aliisoma akiwa amefungua madirisha yote mawili, na hakusema neno. Ndilo lililoniumiza.

Mkitoka sokoni mnaiacha pantoni ya Kigamboni nyuma yenu. Nauli ilikuwa shilingi 200 mara ya mwisho nilipovuka. Kama watoto watalia, vukeni na kurudi, ni safari fupi, ila inakula saa nzima kwa foleni. Mimi ningepita. Sasa bahari iweke mkono wako wa kulia na isihame hapo mpaka jioni, hutapotea.

Barabara hii wazee tunaiita Ocean Road. Tangu Obama alipotutembelea Julai 2013 inaitwa Barabara ya Barack Obama. Kushoto ni uzio wa Ikulu. Hapo simu zikae mfukoni na miguu isisimame. Enzi zangu nilikuwa nikipita namsikia tausi analia kule ndani kama mtoto aliyenyimwa kitu, watoto wako huenda wakabahatika.

Mbele kidogo mtakutana na jengo jeupe la zamani lenye vikuba. Hiyo ndiyo Ocean Road niliyokwisha kuitaja. Wajerumani waliijenga iwe hospitali yao mwaka 1897, na daktari Robert Koch, yule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alifika Dar miaka hiyohiyo akichunguza malaria. Leo ni taasisi ya saratani. Ng'ambo ya barabara, chini ya mivinje, mtaona watu wamekaa na vikapu na chupa za chai. Si watalii hao. Wasalimieni, mpite polepole, watoto wasipige kelele. Nisingetaka mtu apite mbio mbele yangu siku zile.

Kama jua limeanza kukaza, kateni kushoto muingie mjini kidogo. Kuna Bustani ya Mimea ya tangu enzi za Wajerumani, imebaki ndogo, lakini kivuli chake ni kizito, na karibu yake kuna Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Ukilipia kiingilio, ndani utawaeleza habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na mkubwa wa miaka tisa atakuuliza swali ambalo huwezi kulijibu. Choo cha pili hicho. Mkichoka kabla ya hapo, parukeni.

Rudini baharini. Kipande kinachofuata ndicho ninachokipenda, na hakina kitu. Kushoto viwanja vya Gymkhana, kulia ukuta uliojengwa kwa sababu mawimbi yalikuwa yanaila barabara. Mivinje inapiga mluzi. Utakuta wanafunzi wamekaa wawili wawili wakijifanya wanasoma, muuza kahawa na birika lake akigonga vikombe, na mbali huko ngalawa moja tanga limejaa. Kaeni ukutani mle machungwa mliyokuja nayo. Hapa hapatakiwi haraka wala maelezo.

Kisha hospitali ya Aga Khan, kisha daraja la Tanzanite. Lilifunguliwa Machi 2022, urefu wake ni kilomita 1.03, na lina njia ya waenda kwa miguu. Shikeni watoto mkono, maana kusi likivuma linavua kofia, na kivuli ni hakuna, hata cha nzi. Katikati simameni mgeukie kushoto. Kule ndani mnaona daraja la zamani la Salenda, na kati ya madaraja mawili ni mikoko, na mto unaoingia hapo ni Msimbazi. Mwambie mtoto kuwa maji yale yametoka vilima vya Pugu, yamepita Jangwani, pale anapopaona kwenye habari kila mafuriko, na hapa ndipo yanapofika. Ukitazama vizuri utaona mstari: maji ya kahawia yanakataa kuchanganyika na ya buluu mpaka yalazimishwe.

Mkishuka daraja mko Oysterbay. Coco haiko mbali, na kama mmefuata kalenda yangu ni saa 7, bahari imeondoka. Vueni viatu vizuri, vaeni yeboyebo. Kandambili zinateleza na mwamba wa matumbawe unakata. Kwenye vidimbwi kuna visamaki vya ukubwa wa kucha na kaa wanaotembea ubavu. Vitu vyeusi vyenye miiba mirefu msiviguse wala msivikanyage. Na maji yakianza kurudi, yanarudi kwa nyuma yenu kwanza, kupitia kwenye mabonde ya mwamba, kwa hiyo mkiona kifundo cha mguu kimelowa mahali palipokuwa pakavu, tokeni. Kuogelea waache mpaka awepo mtu mzima anayejua pale.

Mihogo mnaijua tayari. Mwambieni muuzaji awapasulie ile inayotoka kwenye karai sasa hivi, aikandamize na kisu kabla ya kuipaka pilipili, chumvi iingie. Kurudi, bajaji hadi kituo cha Morocco, mwendokasi, mbadilishe Magomeni. Mdogo utambeba.

SWALI: Babu, mimi huwa nabishana na wenzangu kijiweni. Salenda ni neno la kabila gani? Mmoja anasema la Kizaramo.
Dereva wa bodaboda, Mwananyamala

JIBU: Mwambie mwenzako anunue soda. Salenda ni Selander, John Einar Selander, aliyekuwa mkurugenzi wa kazi za umma Tanganyika wakati wa Waingereza. Daraja la kwanza la hapo lilijengwa 1929 likapewa jina lake, sisi tukalitengeneza liingie mdomoni. Hili unalopita na pikipiki yako ni la baadaye. Mabango siku hizi yanaandika Selander, lakini nimebeba barua za watu waliokulia Upanga na wote waliandika Salenda, tena kwa mwandiko mzuri.

SWALI: Shikamoo. Tulikuwa Coco na mwanangu wa miaka mitatu, kunguru akashuka akampokonya muhogo mkononi, mtoto sasa akiona ndege analia. Hawa kunguru wametoka wapi na kwa nini hawaogopi watu?
Mama mdogo, Sinza

JIBU: Marahaba, na mpe pole mjukuu wangu. Huyo mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Ni kunguru wa India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, akaona takataka hazitoshi, akavuka. Sasa anakula mayai na makinda ya ndege wetu, na muhogo wa mjukuu wangu juu yake. Hakuogopi kwa sababu amekaa na watu vizazi na vizazi, anakujua kuliko unavyomjua.

Nilichogundua mimi: hashuki mbele ya macho yako. Anasubiri utazame pembeni, ukitafuta chenji au ukijibu simu. Ana mwenzake pia, mmoja anatua mbele kukuzuga, mwingine anatokea nyuma. Mtoto mkalishe mgongo umeegemea ukuta au shina la mvinje, muhogo akatiwe vipande vya kutosha mdomo mmoja mmoja, sahani ikae mapajani mwako wewe. Akitua karibu, inama kama unaokota jiwe. Si lazima jiwe liwepo.